Valensi fakta ya kiyeyushwa: H3PO3 ni 2 au 3? Naombeni msaada kwenye nomaliti

Mwanagenzi_wa_Moli

Habari za muda huu wakuu. Naombeni msaada maana nimekaa na hili swali tangu jana usiku na sasa hivi kichwa kinachemka kuliko bika. Tumepewa zoezi la kutengeneza myeyusho wa asidi ya fosforasi, H3PO3, ujazo 250 ml na iwe 0.1 N (N ni nomaliti, yaani ekwivalenti ngapi kwenye lita moja), utaje gramu ngapi za kiyeyushwa zipimwe kwenye mizani. Mimi nikaenda na kanuni ninayoijua, masi ya ekwivalenti ni masi ya mola gawanya kwa valensi fakta, nikahesabu haidrojeni nikaona ziko 3, basi 82 gawanya kwa 3 nikapata 27.33, nikazidisha kwa 0.1 na 0.25, jibu likaja gramu 0.683. Nafungua majibu nyuma ya kitabu nakuta 1.025. Nikajua wamekosea kuchapa, nikamuuliza mwenzangu na yeye kapata 0.683 kama mimi, kwa hiyo tukakubaliana kitabu ndio kina shida 😂

Ila baadae nikaanza kupata wasiwasi maana hii valensi fakta inanisumbua sehemu nyingi. Al2(SO4)3 mwenzangu anasema ni 5 kwa sababu ikiyeyuka zinatoka ioni 5, mwingine anasema 3 kwa sababu valensi ya aluminiamu ni 3, mwalimu alisema 6 akapita kwenye swali linalofuata. Alafu KMnO4 ndio kabisa, sehemu moja nimeona 5, nyingine 3, nyingine 1. Sasa kitu kimoja kinakuwaje na namba tatu jamani?

Swali langu kubwa ni hili, kuna njia ya kuangalia fomula tu ukajua valensi fakta bila kukariri? Kama ipo naombeni mniwekee hapa taratibu, mimi sio mwepesi sana.

Bureti_Mkononi

Mkuu karibu. Jibu la swali lako kubwa ni hamna. Na ukishakubali kwamba hamna, mengine yote yanakuwa mepesi.

Valensi fakta haihesabu kilichoandikwa kwenye fomula, inahesabu kilichotumika kwenye mmenyuko. Fomula inakuambia mfukoni kuna noti ngapi, mmenyuko ndio unakuambia zimetoka ngapi. Kama ni asidi unahesabu H+ ambazo molekuli moja imetoa kweli, kama ni besi unahesabu H+ ambazo imepokea (au OH- ilizotoa, ni yale yale), kama ni mmenyuko wa elektroni kuhama unahesabu elektroni ambazo kipande kimoja cha fomula kimetoa au kupokea, kama ni chumvi tu inayobadilishana ioni unahesabu chaji chanya zote kwa jumla. Basi.

Sasa njoo kwenye H3PO3 yako. Haidrojeni ni 3 ndio, ila chora umbo lake uone. Fosforasi iko katikati, imeshika oksijeni moja kwa bondi mbili, imeshika makundi mawili ya OH, alafu haidrojeni ya tatu imeshikwa na fosforasi yenyewe moja kwa moja, haipitii kwenye oksijeni. Zile mbili za OH zinatoka kwa sababu oksijeni inavuta elektroni kwa nguvu na kuiacha haidrojeni iko uchi. Ile ya tatu haina anayeiibia, uvutaji elektroni wa fosforasi ni 2.19 na wa haidrojeni ni 2.20, yaani wako karibu sawa kabisa, hakuna wa kumnyang'anya mwenzake. Kwa hiyo ile noti ya tatu imeshonewa kwenye kitambaa cha mfuko, ipo, unaihisi ukipapasa, ila haitoki. Weka NaOH unavyotaka utaishia kwenye Na2HPO3, H moja inabaki pale pale.

Kwa hiyo n (ndio valensi fakta) = 2, masi ya ekwivalenti 41, na 41 × 0.1 × 0.25 = 1.025. Kitabu kiko sawa, wewe na mwenzako mmekosea wote wawili kwa umoja 😅

Jamaa yake H3PO2 ana haidrojeni 3 pia, ila mbili zimeshikwa na fosforasi na moja tu ndio iko kwenye OH, kwa hiyo yeye n = 1. Na siki, CH3COOH, ana haidrojeni 4 na anatoa 1. Huyo huwa hamumkosei kwa sababu mmeshamkariri, lakini ni habari ile ile.

Kemia_Nyepesi

Nyongeza ndogo. Usije ukadhani basi kila H iliyo kwenye OH inahesabika, kuna asidi ya boriki H3BO3. Hii ukichora unaona OH tatu zimejipanga vizuri kabisa kwenye boroni, mtu anasema 3 bila kupepesa. Kumbe kwenye maji haitoi hata moja ya kwake, inachofanya ni kuchukua OH- kutoka kwenye maji ikawa B(OH)4- na maji ndio yanabaki na H+ ya ziada. Inafanya hivyo mara moja tu, n = 1. Mtego wa mitihani huo.

Simba_wa_Asidi

mnamchanganya dogo bure. asidi yenye fosforasi we angalia mwisho wa fomula tu, ikiwa H3PO4 ni 3, H3PO3 ni 2, H3PO2 ni 1. kwisha. mm nimefaulu kwa njia hiyo na maisha yanaendelea. H3PO4 ni 3 hata ukimwamsha mtu usiku wa manane

Mama_Maabara

Mwanangu Simba, ungekuwa umesimama mbele ya bureti (ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea myeyusho) usingesema hivyo kwa kujiamini namna hiyo 😄

H3PO4 ni 3 kwenye karatasi. Mimi nimeipima mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka na hiyo 3 sijawahi kuiona ikitokea yenyewe kwenye flaski ukitumia NaOH na kionyeshi cha rangi. Nikwambie inavyokuwa. Ukiweka methili oranji, rangi inageuka ikiwa imetoka H+ ya kwanza tu, umefika NaH2PO4, hapo n = 1 na masi ya ekwivalenti ni 98. Ukiweka fenolfthalini, pinki inatokea ukishamaliza ya pili, umefika Na2HPO4, n = 2, ekwivalenti 49. Ya tatu ni dhaifu mno, pKa yake (kipimo cha udhaifu wa asidi, ikiwa kubwa H+ inatoka kwa shida) ni kama 12.3, kwa hiyo inagombana na maji yenyewe, hakuna mruko wowote wa pH wa kukuonyesha hapa ndio mwisho. Kwa hiyo chupa moja, asidi ile ile, bureti ile ile, unabadilisha matone mawili ya kionyeshi na valensi fakta inabadilika. Mtu akikuletea swali "H3PO4 inapimwa kwa NaOH mbele ya fenolfthalini" ukaandika 3 umekosa, hata kama umeamshwa usiku.

Na2CO3 nayo ni hivyo hivyo upande wa pili. Ukiidondoshea HCl na fenolfthalini, pinki inapotea umefika NaHCO3, n = 1, ekwivalenti 106. Ukiendelea na methili oranji hadi CO2 itoke yote n = 2, ekwivalenti 53. Waalimu wengi wanasema 2 kwa sababu ndio kipimo cha kawaida, ila hawasemi kwamba wanamaanisha kionyeshi kipi.

Simba_wa_Asidi

sawa mama nimekubali yaishe 🙏 ila si angalau pale swali linaposema "H3PO4 imesawazishwa yote" naandika 3?

Mama_Maabara

Hapo andika 3 bila wasiwasi, wameshakuambia noti zote zimetoka.

Ioni_Tano

Wakuu mimi ndio yule mwenzake aliyesema Al2(SO4)3 ni 5 😂 amenileta hapa nijitetee. Mbona kwenye kitabu kuna sehemu kabisa imeandikwa fakta ya Al2(SO4)3 ni 5? Sijaitoa kichwani, naapa.

Bureti_Mkononi

Nakuamini kaka, na umeisoma kweli, ila umeisoma kwenye sura nyingine. Hizo ni fakta mbili tofauti ambazo zimepewa majina yanayofanana na zinakaa kwenye mada zilizo jirani, ndio maana kila mwaka watu wanaanguka hapo.

Ile ya 5 ni fakta ya van't Hoff, herufi yake i. Inahesabu vipande. Al2(SO4)3 ikiyeyuka unapata Al3+ mbili na SO4 tatu, jumla vipande 5, na hiyo inatumika pale unapotafuta kiyeyushwa kimeshusha kiwango cha kuganda kwa kiasi gani, au kimepandisha kiwango cha kuchemka, au presha ya osmosi. Pale maji hayajali chaji ya kipande, yanajali vipande viko vingapi tu. (Jacobus van't Hoff ndio mtu wa kwanza kupata Nobeli ya kemia, 1901, na kazi ya presha ya osmosi ilikuwa mojawapo ya sababu.)

Valensi fakta, n, kwa chumvi inahesabu chaji. Al3+ mbili, kila moja ina 3, jumla 6. Ukihesabu upande wa hasi, salfeti tatu kila moja ina 2, jumla 6 tena, na lazima zilingane la sivyo chumvi ingekupiga shoti ukiigusa. Kwa hiyo mwalimu yuko sawa, n = 6, ekwivalenti ni 342 gawanya 6 = 57. Yule aliyesema 3 amehesabu chaji ya Al moja akamsahau wa pili.

Ukitaka kuona kwamba hizi mbili hazina undugu, chukua NaCl, i = 2 lakini n = 1. CaCl2 i = 3, n = 2. Na3PO4 i = 4, n = 3. Sasa ukiishia hapo utasema aah basi i ni n jumlisha 1, na kweli nimewahi kumuona mtu anafundisha hivyo kwa kujiamini kabisa. Njoo kwa Al2(SO4)3 sasa, n = 6 na i = 5, sheria imekufa. MgSO4 n = 2 na i = 2, imekufa tena. Na sukari ya kawaida i = 1 lakini hana H+ ya kutoa, hana chaji, huwezi hata kuanza kuongelea n yake mpaka uniambie unaichoma na nini.

Ioni_Tano

daah kumbe. ile ya "jumlisha 1" nilikuwa nayo pia kwenye daftari nimeizungushia na kalamu nyekundu 🤦 naenda kuifuta

Mwanagenzi_wa_Moli

Aisee asanteni sana, hii ya noti mfukoni imenikaa. Mama Maabara shikamoo, sikujua kionyeshi nacho kina mchango. Sasa bado KMnO4, naomba mtu anisaidie kwa nini ina namba tatu. Na nyingine, kwenye chumvi tumesema tunahesabu chaji chanya, KMnO4 si ni chumvi? K+ ni moja tu, kwa nini isiwe 1 siku zote tukapumzika?

Mama_Maabara

Marahaba mwanangu. Hii ngoja nikuhadithie kitu kilichonitokea kwa sababu nikikupa namba tu utazisahau kesho.

Nilikuwa napima chuma, FeSO4, kwa pamanganeti. Bureti nimeijaza kutoka kwenye chupa iliyoandikwa 0.1 N KMnO4, kwenye flaski nimepipetia 20 ml za chuma na yenyewe ni kama 0.1 N, kwa hiyo nategemea bureti inisomee 20 hivi. Kazi nimeifanya mara mia. Tone la zambarau linadondoka, linafifia hapo hapo, linadondoka lingine linafifia, mpaka mwisho moja linakataa kufifia na flaski nzima inakuwa pinki hafifu ukiiweka juu ya karatasi nyeupe. Siku hiyo nadondosha naona badala ya kufifia vizuri maji yanaanza kuwa na ukungu, alafu yanakuwa kahawia, kama maji ya mto baada ya mvua. Nikaendelea tu kwa ubishi. Pinki siioni sawasawa kwa sababu ya ule utope, nikakisia mwisho, 23.6. Nikarudia, 26.1. Nikarudia, 24.8. Hazishikani na zote ziko juu. Nikaanza kulaumu aliyetengeneza pamanganeti, nikalaumu mizani, nikaosha bureti. Alafu nikageuka pembeni nikaiona silinda yangu ya asidi ya salfuriki imejaa kama nilivyoiacha asubuhi, sijamimina hata tone kwenye flaski yoyote.

Sasa elewa kilichotokea mle ndani. Mn kwenye KMnO4 iko +7 (hiyo ndio namba yake ya oksidesheni, ikipokea elektroni inashuka). Asidi ikiwa nyingi inashuka mpaka +2, Mn2+, ambayo machoni haina rangi, imepokea elektroni 5, kwa hiyo n = 5. Asidi isipokuwepo inashuka mpaka +4 tu inakuwa MnO2, na huo ndio ule utope wa kahawia, imepokea elektroni 3, n = 3. Kwenye alkali kali kabisa inashuka hatua moja tu mpaka +6, kijani, MnO4 yenye chaji 2-, n = 1. Ni chupa ile ile. Lebo yangu ya 0.1 N ilikuwa imeandikwa na mtu aliyekuwa anawaza asidi, yaani 0.02 M (M ni molariti, moli kwa lita) zidisha 5. Mimi nilipoinyima asidi ile chupa ikawa 0.02 zidisha 3, ni 0.06 N, na lebo haijui. Kama yote ingeenda kwa njia ya 3 ningetumia 33.3 ml, ila chuma changu kilikuwa na asidi kidogo ya kukihifadhi kwa hiyo sehemu ilienda kwa 5 na sehemu kwa 3, na kila flaski kwa mchanganyiko wake. Ndio maana namba hazikushikana.

Kuhusu swali lako la K+, pale potasiamu ni mtazamaji tu, anaingia +1 anatoka +1. Hesabu ya chaji ya chumvi ni ya pale ioni zinapobadilishana bila mtu kubadilisha namba ya oksidesheni. Elektroni zikianza kuhama unaitupa unaanza kuhesabu elektroni. Na ile asidi ya salfuriki niliyoisahau nayo usiibebee n = 2, ipo kuweka mazingira tu. Tunatumia hiyo kwa sababu HCl ingeliwa na pamanganeti ikatoa klorini, na asidi ya naitriki yenyewe nayo inanyang'anya elektroni ingekula chuma kabla ya mwenye zamu.

Mwanagenzi_wa_Moli

Mama hii sitaisahau hata iweje. Ngoja nijaribu moja hapa mnisahihishe. K2Cr2O7 kwenye asidi. Cr iko +6 inashuka +3, tofauti ni 3, kwa hiyo n = 3, masi ya mola 294, ekwivalenti 98. Sawa?

Kemia_Nyepesi

Karibu sana na sahihi ila umefanya kosa lile lile la aluminiamu. Kwenye fomula moja Cr ziko mbili. Kila moja inapokea 3, jumla 6. n = 6, ekwivalenti 49. Kila mara ukimaliza kupata tofauti ya namba ya oksidesheni rudi kwenye fomula uulize wako wangapi.

(Pembeni tu, hiyo 49 inapenda sana kujirudia, H2SO4 98/2 ni 49, H3PO4 mpaka fenolfthalini 49, K2Cr2O7 294/6 ni 49. Ukiona 49 kwenye mtihani usishangae.)

Bureti_Mkononi

Na mara nyingine kuhesabu wako wangapi kunapunguza badala ya kuongeza. Thiosalfeti, Na2S2O3, na aidini. Mtu anaona Na mbili anasema chumvi, chaji 2, n = 2. Angalia mlinganyo: thiosalfeti mbili zinakutana na I2 moja, zinaungana kuwa S4O6 yenye chaji 2-, na aidini inakuwa I- mbili. I2 imepokea elektroni 2, na zimetoka kwa thiosalfeti mbili, kwa hiyo kila thiosalfeti imetoa 1. n = 1, na ile yenye maji 5 ya fuwele masi ya ekwivalenti ni 248 yote nzima. Maji ya fuwele hayagusi n kabisa, yanagusa masi tu, hili nalo watu wanalichanganya. Asidi ya oksaliki yenye maji mawili ni 126, n = 2, unapima 63, ukisahau maji utapima 45 na myeyusho wako utakuwa dhaifu alafu utamlaumu mama wa maabara.

Simba_wa_Asidi

swali la kizushi, sasa kama namba inabadilika badilika hivi kwa nini tusitumie molariti tu tukaachana na haya mateso

Bureti_Mkononi

Simba leo umeuliza la maana 😂 Na hujaliuliza peke yako, IUPAC yenyewe (umoja wa kimataifa wa wanakemia) haishauri tena kutumia nomaliti, kwa sababu hiyo hiyo, lebo ya N bila kutaja mmenyuko ni nusu ya habari. Mimi binafsi chupa zangu za redoksi (mimenyuko ya elektroni kuhama) naandika M.

Ila kuna kitu nomaliti inakupa ambacho ni kitamu, na ndio maana haifi. Wazo la ekwivalenti ni la zamani kuliko moli, Jeremias Benjamin Richter alikuwa anapima asidi kiasi gani inashibisha besi kiasi gani miaka ya 1790 huko, wakati hakuna aliyejua fomula ya chochote. Utamu wenyewe ni kwamba ukishaweka n vizuri, ekwivalenti moja inakula ekwivalenti moja, N1V1 = N2V2, hauhitaji kusawazisha mlinganyo. Oksaliki 25 ml ya 0.05 M ni 0.1 N. Pamanganeti 0.02 M kwenye asidi ni 0.1 N. Basi zinakutana 25 kwa 25, umemaliza. Kwa njia ya moli unasawazisha kwanza, unapata pamanganeti 2 kwa oksaliki 5, unahesabu moli 0.00125 za oksaliki, zidisha 2 gawanya 5 unapata 0.0005, gawanya 0.02 unapata 25 ml ile ile.

Na ona kitu, n ya pamanganeti ni 5 na ya oksaliki ni 2, mlinganyo ni 2 kwa 5. Zimegeuzwa tu. Kwa hiyo ukiwa na mashaka na n yako sawazisha mlinganyo, kama haigeuki hivyo ujue kuna mahali umehesabu vibaya. Mimi hiyo ndio polisi wangu.

Kemia_Nyepesi

Alafu kuna wale ambao mtu mmoja anatoa na kupokea, mfano Br2 kwenye alkali moto, Br2 tatu zinageuka kuwa bromaidi 5 na bromeiti moja. Elektroni zilizohama ni 5, Br2 zilizotumika ni 3, n = 5/3. Ndio, sehemu. Mkiiona msikimbie, sijui kwa nini watu wanaogopa n yenye koma.

Mwanagenzi_wa_Moli

Mkuu hiyo ya sehemu naiweka kiporo kwanza 😂 Nipeni moja ya mwisho nijipime, nikiipata nalala.

Mama_Maabara

FeC2O4, kwenye asidi, na pamanganeti. n ni ngapi, na uwiano wa moli ni upi?

Mwanagenzi_wa_Moli

Ok. Nisiangalie chaji ya chumvi, elektroni zinahama. Fe iko +2 inakwenda +3, imetoa 1. Nilitaka kuandika 1 nikatuma alafu nikakumbuka oksaleti nayo si mtazamaji, na yenyewe inaliwa inakuwa CO2. Kaboni iko +3 inakwenda +4, ni 1, ila ziko mbili (nimehesabu wako wangapi!!) kwa hiyo 2. Jumla 3. n = 3.

Pamanganeti kwenye asidi n = 5. Nikizigeuza, pamanganeti 3 kwa FeC2O4 5. Nikahakikisha elektroni, 3 mara 5 ni 15, 5 mara 3 ni 15.

Mama_Maabara

Umepata yote. Ila asidi umeitia kwenye flaski?

Mwanagenzi_wa_Moli

😂😂 silinda haina kitu mama, nimemimina yote. Usiku mwema wakuu, kesho napima 1.025.